Sanamu ina bunduki, haina majina

Kabla ya askari wa shaba anayejulikana leo, pale katikati ya Dar es Salaam palikuwa na sanamu nyingine. Wajerumani walikuwa wamemsimamisha Hermann von Wissmann, mwanajeshi aliyeletwa mwaka 1889 kumpiga Abushiri bin Salim na wapiganaji wa pwani, na ambaye baadaye alikuwa gavana. Wissmann alisimama juu ya jiwe, kavaa sare, macho yake mbali. Chini ya miguu yake alikuwapo askari wa Kiafrika aliyeinua uso kumtazama bwana wake, huku akiitandaza bendera ya Ujerumani juu ya simba aliyekufa. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 waliing'oa sanamu hiyo wakaisafirisha London. Baadaye ilirudishwa kwa wenyewe, ikawekwa Hamburg karibu na chuo kikuu, hadi wanafunzi walipoiangusha mwaka 1968.

Mwaka 1927 palepale akasimama askari peke yake. Alifanywa na mchongaji Mwingereza, James Alexander Stevenson, akaletwa kwa meli. Ameinama kidogo kwa mbele, bunduki mikononi, singe imeelekea bandarini. Maelfu wanampita kila siku, na kwa wengi kazi yake ni kuelekezea njia: ukifika kwenye sanamu ya Askari, pinda kushoto.

Ukiziweka sanamu hizo mbili kwenye mizani utasema tulipiga hatua: bwana ameshuka, askari amepanda. Nakubali, lakini nusu tu. Maandishi ya chini yako kwa Kiingereza, Kiswahili na herufi za Kiarabu. Yanawakumbuka wanajeshi wa Kiafrika waliopigana, wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na wengine waliokufa wakimtumikia mfalme wao na nchi yao katika vita ya 1914 hadi 1918. Kisha yanatoa ahadi: anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi hiyohiyo iko Nairobi, chini ya watu watatu wa shaba walioko Kenyatta Avenue tangu 1928, na Mombasa nako iko sanamu ya ndugu yao. Zungukia jiwe la Dar es Salaam pande zote nne. Hutaona jina hata moja.

Mtu anaweza kudhani kwamba zama zile kuandika majina ya wafu wa vita hakukuwa desturi. Ilikuwa desturi, tena mpya na yenye nguvu. Mei 1917, vita ikiwa bado inapiganwa, Uingereza iliunda Tume ya Makaburi ya Vita ya Dola, na msingi wake mkuu ulikuwa kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, kwenye jiwe la kaburi au kwenye ukuta wa ukumbusho, bila kujali cheo wala rangi wala dini. Mshauri wa tume hiyo katika mambo ya maandishi alikuwa Rudyard Kipling, ambaye mwanawe John, luteni wa askari wa miguu, alipotea kwenye mapigano ya Loos, Ufaransa, mwaka 1915. Kipling alikufa mwaka 1936 bila kuonyeshwa kaburi la mtoto wake. Angalau jina la John lilikuwa ukutani. Maneno ya ahadi yaliyoko kwenye sanamu zetu yanadaiwa na wengi kuwa ni yake huyohuyo Kipling.

Afrika Mashariki nayo ina minara ya majina. Nairobi upo, Tanga upo, Dar es Salaam upo, na yote inaitwa minara ya Waingereza na Wahindi. Mwafrika hayumo hata katika jina la mnara.

Hili halikutokea kwa kusahau. Katika miaka ya 1920 maofisa wa tume na wa serikali za makoloni waliandikiana barua wakalijadili. Hoja zao, ukizisoma leo, zinakera kwa utulivu wake: kwamba wenyeji hawangeelewa maana ya jiwe la kaburi, kwamba kuwawekea kila mmoja jiwe kungekuwa kutapanya fedha za umma, kwamba makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yarudie pori. Badala ya majina wakaamua zijengwe sanamu chache mijini. Yule askari wa shaba tunayemwona mzuri, na kweli ni mzuri, ndiye aliyewekwa mahali pa orodha nzima.

Wala haisaidii kusema majina hayakujulikana. Jeshi lilikuwa na daftari za mishahara. Askari aliandikishwa kwa jina na namba, akapangiwa kombania, akakatwa makato, akalipwa. Mpagazi naye alipewa namba. Baada ya vita yalizuka mabishano marefu juu ya mishahara ya wapagazi waliokufa ambayo hakuna aliyekuja kuidai, fedha zikabaki hazinani. Serikali inayojua kiasi inachodaiwa na marehemu haiwezi kusema haimjui marehemu.

Walikuwa akina nani? Jeshi la King's African Rifles, KAR, ambalo wazee wengi walizoea kuliita Keya, liliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Nyasaland, Uganda na Afrika Mashariki. Vita ilipoanza lilikuwa na batalioni 3 na askari wapatao 2,400. Ilipokwisha lilikuwa na batalioni 22 na askari zaidi ya 30,000: Wayao, Wanyanja, Wakamba, Wanandi, Waacholi, Wasudani na wengineo. Upande wa pili, jeshi la Wajerumani lilianza na askari wa Kiafrika kama 2,500, Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wasudani, na kwenye kilele chake likazidi 11,000. Wakati majeshi hayo yanakutana, Kiswahili kilisikika pande zote mbili za risasi.

Tarehe 11 Machi 1916, kwenye vilima vya Latema na Reata karibu na Taveta, batalioni ya tatu ya Keya ilipewa kazi ya kupanda Latema pamoja na Wabaluchi wa jeshi la India. Waliokuwa juu walikuwa askari wenzao, wakiwa na bunduki za rasharasha na mahali pazuri pa kujificha. Ni kilima cha mawe na vichaka vya miiba. Mchana walipanda wakarudishwa. Jioni wakaongezewa kikosi cha Warhodesia, wakapanda tena, na kamanda wao, Luteni Kanali Graham, akauawa. Usiku kucha watu wachache waliofika kileleni waling'ang'ania mawe yao bila kujua nani yuko kushoto kwao na nani kulia. Kulipokucha Wajerumani walikuwa wameshaondoka. Vitabu vya vita hiyo vinamtaja Graham kwa cheo na jina. Askari waliopanda naye vinawataja kwa jumla.

Risasi hata hivyo haikuwa adui peke yake. Takwimu zinazotajwa kwa Keya ni askari 5,117 waliouawa au kujeruhiwa, na wengine 3,039 waliokufa kwa maradhi: malaria, kuhara damu, homa ya mapafu, kisha mafua yale ya 1918. Kwa wapagazi wa upande wa Waingereza idadi rasmi ya vifo inakaribia 95,000, na watafiti wengi wanaiona ni ndogo. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zilirithi majina kutoka kambi za kikosi chao.

Hapa niseme jambo ambalo hotuba za kumbukumbu huliruka. Askari hawa hawakuwa malaika. Jeshi la Wajerumani ndilo lililochoma mashamba na maghala ya kusini wakati wa Majimaji, na mikono iliyoshika kiberiti mara nyingi ilikuwa ya askari wa Kiafrika. Katika Vita Kuu majeshi yote mawili yalichukua nafaka, mifugo na vijana vijijini. Wagogo walibaki na njaa ya Mtunya, iliyoua watu kwa maelfu. Wengi waliingia jeshini kwa ajili ya mshahara na heshima ya sare, wengine kwa sababu chifu alitakiwa kutoa idadi fulani ya vijana. Mfalme hawakumjua. Mwaka 1917 Waingereza waliunda batalioni ya sita ya Keya kwa kutumia askari wa Wajerumani waliotekwa, yaani mtu mmoja aliweza kupigana Tanga upande huu, na miaka mitatu baadaye akawa upande ule. Kumkumbuka mtu wa namna hiyo kwa jina lake kunatulazimisha tumkumbuke pamoja na aliyoyatenda, na labda ndiyo sababu sanamu ni rahisi zaidi.

Jina moja limefika kwetu kwa njia ndefu. Adam Mohamed alikuwa askari wa Wajerumani mwenye asili ya Sudan, aliyefariki katika vita hiyo. Alikuwa na mtoto, Mahjub, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Vita ilipoanza mtoto alimfuata baba yake jeshini, akiwa na umri wa miaka 10. Wapo watakaoshangaa, lakini jeshi la Wajerumani lilitembea na familia zake, na wana wa askari walifunzwa kazi za jeshi mapema. Oktoba 1917 Mahjub alikuwa Mahiwa, kusini karibu na Lindi, katika mapigano ya siku nne ambayo ni miongoni mwa yaliyomwaga damu nyingi kuliko yote ya vita ile katika Afrika Mashariki: Waingereza walipoteza watu wapatao 2,700, wafu na majeruhi, wakiwamo Wanaijeria na askari wa Keya. Mahjub alijeruhiwa akatekwa. Alikuwa na miaka 13.

Alipokua alifanya kazi melini kama mhudumu, na mwaka 1929 akafika Berlin. Moja ya mambo yaliyompeleka lilikuwa dai: mshahara wa baba yake na wake mwenyewe, ambao haukuwa umelipwa. Wizara ya Mambo ya Nje ikamjibu kwamba amechelewa. Akabaki Ujerumani. Huko alijulikana kama Bayume Mohamed Husen; alihudumu mezani kwenye mikahawa, alifundisha Kiswahili chuo kikuu, aliigiza katika filamu za Wajerumani zilizotukuza makoloni yao. Akaoa Mjerumani. Aliomba nishani waliyopewa wapiganaji wa zamani wa Vita Kuu, akanyimwa. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mwingine wa Kijerumani, akapelekwa bila kesi kwenye kambi ya mateso ya Sachsenhausen, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Tangu 2007 liko jiwe dogo la shaba Brunnenstraße, Berlin, kwenye njia ya waenda kwa miguu, na jina lake limechongwa juu yake.

Deni lile la mishahara lilikuja kulipwa mwaka 1964, bunge la Ujerumani Magharibi lilipoidhinisha fedha kwa askari waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba Mwanza walijitokeza wazee mamia, wachache tu wakiwa na hati. Ofisa akamkabidhi kila asiye na hati fimbo ya ufagio, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani, na hakuna aliyekosea. Wanaoipenda hadithi hii huisimulia kama ushahidi wa utii wa askari kwa Wajerumani. Mimi naiona kwa jicho la karani: ni fedha zao, zimechelewa miaka 45, na bado wanatakiwa kuzichezea gwaride. Walioanguka Mahiwa hawakuwa na wa kuwashikia ufagio.

Katika Vita ya Pili mambo yalibadilika. Kwenye makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong, askari wa Afrika Mashariki waliokufa baada ya 1939 wana mawe yenye majina na namba za jeshi, na wasio na kaburi wameandikwa kwenye ukuta wa ukumbusho. Waliopotea Burma wakiwa na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki wanatajwa kwenye mnara wa Taukkyan, nje ya Yangon. Majeshi yaleyale, makabila yaleyale, kizazi kimoja tu baadaye.

Ilichukua muda mrefu kulisema wazi. Aprili 2021 tume yenyewe, ambayo sasa ni Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti iliyokiri kwamba wafu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Wahindi, Waafrika, Wamisri na Wasomali, hawakukumbukwa sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni. Kazi ya kutafuta majina katika nyaraka za Afrika imeanza. Januari 2025 Cape Town ilizinduliwa bustani ya ukumbusho yenye nguzo za mbao, kila nguzo kwa mtu mmoja: Waafrika Kusini 1,772 wa vikosi vya vibarua waliokufa bila kaburi linalojulikana.

Kwa Tanzania, hesabu hiyo ina shimo kubwa. Tume inahusika na waliokufa wakiitumikia Uingereza na makoloni yake. Vijana wengi wa nchi hii waliokufa kati ya 1914 na 1918 wakiwa na bunduki mkononi walikufa chini ya bendera ya Ujerumani, kwa hiyo radhi ya 2021 haiwafikii. Hata sanamu ya Askari, ukiisoma kwa makini, inawasemea waliokufa kwa ajili ya mfalme, na mfalme huyo ni wa London. Jeshi lao lilisalimu amri Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, likiwa na askari zaidi ya 1,100 waliokuwa bado wamesimama. Berlin haijaunda tume ya kuwatafuta waliobaki njiani. Dodoma nayo haijaidai.