Sukari, Chumvi na Maji: Historia ya Dawa Iliyo Jikoni Kwako

Ramadhan moja hapa Ruiru, mdogo wangu wa miaka minne alianza kuhara baada ya futari. Usiku kucha tulimnyima maji, manake jirani alisema ati akinywa ndio atazidi kuendesha. Kufika alfajiri macho yalikuwa yameingia ndani, analia na machozi hayatoki. Alhamdulillahi alipona, lakini nesi aliyempokea alituuliza, "Kwani nyumbani hamna sukari na chumvi?" Wallahi niliona haya. Mimi, mwanafunzi wa chuo kikuu! Ndipo nikaenda kusoma.

Hebu turudi nyuma. Mwaka wa 1869 kipindupindu kilipita nchi ya Wamaasai kikifuata misafara ya biashara, kikashuka Pangani, kisha kikavuka hadi Unguja. Daktari Mskoti aliyekuwa akiishi Unguja, James Christie, aliifuatilia njia yake kwa kuwauliza wasafiri, na kitabu chake kikatoka London mwaka wa 1876. Maelfu ya watu walikufa. Na usidhani Ulaya walikuwa na siri fulani. Katika karne ile madaktari wengi walimtoa mgonjwa damu, wengine wakamkataza maji kabisa. Kwa hivyo jirani yangu tusimcheke sana.

Anayehara huuawa na upungufu wa maji na chumvi mwilini. Ukimpa maji matupu, utumbo hauyanyonyi vya kutosha. Lakini sukari na chumvi zikija pamoja, sukari huivuta chumvi iingie mwilini, na maji yakafuata. Wataalamu waliligundua jambo hili miaka ya 1960, lakini hospitali nyingi ziliendelea kuamini maji ya mishipa tu.

Kilichowabadilisha ni vita. Mwaka wa 1971 mamilioni ya watu walikimbia Bangladesh kuingia India, na kipindupindu kikazuka kambini. Huko Bangaon, chupa za maji ya mishipa zilikuwa zinamwishia daktari Dilip Mahalanabis. Akachanganya maji, chumvi na sukari ya glukosi kwenye mapipa, na jamaa za wagonjwa wakawanywesha wenyewe kwa vikombe. Vifo vilishuka kutoka karibu wagonjwa 30 kwa kila 100 hadi chini ya 4. Mwaka huohuo kipindupindu kilifika tena Kenya.

Baadaye, kuanzia 1980, shirika la BRAC la Bangladesh lilituma wanawake nyumba kwa nyumba wakawafundishe akina mama kuchanganya. Jambo lililonifurahisha ni hili: mwalimu alilipwa kulingana na kile mama alichokikumbuka alipokuja kuulizwa baadaye. Hebu fikiria walimu wetu wangelipwa hivyo!

Usiseme haya ni ya mbali. Mlipuko wa kipindupindu uliotangazwa Kenya mwezi wa Oktoba 2022 ulihusishwa na sherehe ya harusi katika kaunti yetu hii ya Kiambu. Nasi Ramadhan twala pamoja sinia moja, na maji mengine twanunua kwa mitungi ya mkokoteni. Yachemshe. Na udhu ni udhu, lakini ukitoka chooni na kabla ya kushika chakula, tumia sabuni.

Pakiti za ORS zikipatikana dukani la dawa, hizo ndizo bora. Zikikosekana: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, visiwe vya kilima. Usizidishe chumvi, inadhuru. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha mpe kidogo kidogo kwa kijiko. Mtu mzima aliyefunga akiugua hivi, afungue; siku atailipa akipona.

Akishindwa kunywa, au ukiona damu kwenye choo, au macho yakiingia ndani kama ya mdogo wangu, mkimbize hospitali, na kikombe kiwe mkononi umnyweshe njiani.