Kimondo: jiwe la angani kati ya malenga na mwanasayansi

KIMONDO ni kipande cha jiwe au chuma kitokacho anga za juu na kufika ardhini kabla ya kuteketea chote. Kipitapo hewani huwaka kwa sababu ya kasi yake kubwa, nao watu huona mwali na pengine kusikia mshindo.

Afrika Mashariki ina vimondo mashuhuri. Kile cha Mbozi, mkoani Songwe nchini Tanzania, ni cha chuma na hukadiriwa kuwa na uzito wa tani 12 hadi 16. Agosti 14, 1992, mawe yalinyesha mjini Mbale, Uganda, na kipande kidogo kikampata kijana baada ya kupunguzwa kasi na majani ya mgomba. Nchini Kenya, vimondo vilianguka Thika Julai 16, 2011.

Ushirikiano wa sanaa na sayansi waonekana wazi zaidi katika kimondo cha El Ali, mkoani Hiiraan, Somalia. Kina uzito wa tani 15.2. Wachungaji wa ngamia walikijua kwa vizazi vitano hadi saba, wakakihifadhi katika nyimbo, ngoma na mashairi. Wataalamu wa madini walikitambua mwaka 2020. Novemba 2022, Profesa Chris Herd wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, alitangaza kwamba kipande cha gramu 70 tu kilikuwa na madini mawili ambayo hayakuwa yamewahi kuonekana katika maumbile. Moja liliitwa elaliite, kwa jina la mahali hapo.

Hata hivyo, kimondo chenyewe kilikuwa kimekwisha kuondolewa kwao, na iliripotiwa kwamba kilipelekwa China kutafutiwa mnunuzi. Wimbo ukabaki, jiwe likaenda.

Sanaa nayo yaweza kukosea. Mwaka 2012, wasanii wawili wa Argentina walitaka kukipeleka kimondo cha El Chaco kwenye maonyesho ya Kassel, Ujerumani. Wenyeji Wamoqoit na baadhi ya wanasayansi walipinga, na mpango ukaachwa.

Mafunzo hayo yanafaa Lambwe, kaunti ya Homa Bay, na jirani zake wa Migori. Bonde hilo limezungukwa na mabaki ya volkano za kale, zikiwamo za Gwasi na Ruri, hivyo mawe meusi ni mengi. Sumaku peke yake haitoshi, kwa kuwa baadhi ya mawe ya volkano nayo huivuta. Jiwe lenye matundu mengi kwa kawaida si kimondo. Kimondo kilichoanguka karibuni huwa na ganda jembamba jeusi, na aghalabu ni kizito kuliko jiwe la kawaida la ukubwa uo huo.

Anayekiokota asikivunje wala kukiosha. Aandike mahali, siku na saa, kisha aiarifu Makumbusho ya Taifa au chuo kikuu kabla ya kumsikiliza mnunuzi. Mpiga nyatiti akiyatia maelezo hayo katika wimbo, yatafika hata pale ambapo kitabu cha jiolojia hakijafika.