Uzito au Mng'aro: Almasi na Macho ya Mnunuzi

Mwaka 1851, watu waliofurika kwenye maonyesho ya Hyde Park, London, kuitazama almasi ya Koh-i-Noor kutoka India waliondoka wamenuna. Jiwe lililogombewa na watawala wa Kimughal, Waajemi, Waafghani na Masingasinga lilionekana kwao kama kipande cha kioo. Waandaaji wa maonyesho walilizungushia taa za gesi, lakini wapi. Mwaka uliofuata Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, aliagiza lichongwe upya. Mafundi wakaletwa kutoka Amsterdam, gurudumu la kusagia likafungwa kwenye mtambo wa mvuke, na Duke wa Wellington, mzee wa miaka 83, akapewa heshima ya kuligusisha jiwe hapo kwa mara ya kwanza. Kazi ilipokwisha, jiwe la karati zipatazo 191 kwa vipimo vya leo lilibaki na 105.6. Hata Albert hakufurahi.

Kisa hiki husimuliwa kana kwamba Wahindi hawakujua kuchonga, Wazungu wakaja kurekebisha. Ushahidi unakataa. Tavernier, mfanyabiashara wa vito kutoka Ufaransa aliyefika machimbo ya Golkonda, India, katika karne ya 17, aliandika kuwa mafundi wa huko waliligusa kidogo tu jiwe safi ili lisipoteze uzito, ila lenye dosari walilijaza nyuso ndogondogo ili kuificha. Ufundi ulikuwepo, uliamua tu kulinda kitu kingine. Tavernier huyohuyo anasimulia yaliyompata Hortensio Borgio, fundi wa Venezia aliyelisaga mno jiwe kubwa la mtawala wa Kimughal: badala ya ujira alitozwa faini ya rupia 10,000. Kwenye dola ile uzito ndio uliokuwa utukufu. Mkato, basi, huanza kwa mnunuzi kabla ya kufika kwa fundi.

Atakuja mtu wa fizikia apinge: mng'aro si suala la ladha. Ana hoja. Mwanga ulioingia ndani ya almasi ukigonga uso wa ndani kwa mshazari wa kutosha hauwezi kutoka, hurudishwa. Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky alipiga hesabu akapata kuwa sehemu ya chini ya jiwe la mviringo inafaa iinamie kwa nyuzi 40.75 na ya juu kwa 34.5. Chini ikiwa bapa mno, mwanga huvujia mgongoni na jiwe huwa kama dirisha. Hayo hayabishaniwi. Ila hesabu hiyo inaeleza tu namna ya kuurudisha mwanga kwenye jicho. Haisemi kwamba mwanga huo unastahili kulipiwa kwa nusu ya jiwe. Hilo liliamuliwa sokoni, na soko lenyewe lilikuwa limebadilika. Tangu Kimberley, Afrika Kusini, ianze kumwaga almasi miaka ya 1870, uhaba uliowafanya watu waogope kupoteza hata chembe ulipungua. Kisha, mwanzoni mwa karne ya 20, ukaja msumeno wa mashine uliogawa jiwe moja kuwa mawili bila hasara kubwa. Uzuri wa Tolkowsky ulikuwa umeanza kuwa nafuu hata kabla hajaandika.

Kwa hiyo almasi ya waridi ya karati 54.5 iliyochimbwa Mwadui, Shinyanga, mwaka 1947, na aliyopewa Princess Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi, ilichongwa London ikabaki na karati 23.6, na hakuna fundi aliyetozwa faini.

Hata hivyo, ushindi wa mng'aro haujakamilika. Bei hupanda ghafla jiwe likifika karati moja, na mafundi wengi bado huliachia kiuno kinene au tumbo refu ili lisishuke chini ya hapo, ijapokuwa litafifia. Borgio angewaelewa. Taasisi ya vito ya GIA ya Marekani, iliyokuwa ikipanga madaraja ya rangi na usafi tangu miaka ya 1950, ilianza kutoa daraja la mkato kwa almasi za mviringo mwaka 2005 tu.