Manispaa na Soko Lake

Alfajiri, kabla adhana haijamalizika, malori kutoka bara huwa yameshaegeshwa kwenye mitaa ya Kariakoo. Lushoto, kule kwenye milima yenye baridi ya Usambara, inaleta karoti, kabichi na hoho. Ilula inaleta nyanya kwenye matenga, Muheza machungwa, na kisiwa cha Mafia nazi. Mchukuzi anakaza ngata kichwani, anachuchumaa kidogo, wenzake wawili wanamtwika gunia la lumbesa, naye anaondoka mbiombio huku akipaza sauti apishwe njia. Pembeni amesimama mtu wa ushuru.

Anayetaka kuielewa historia ya serikali ya mji wa Dar es Salaam aanzie kwa huyo mtu wa ushuru. Baraza la mji huu limeundwa, likapandishwa hadhi, likavunjwa, likarudishwa, likagawanywa na kubadilishwa jina mara nyingi. Soko limebaki palepale, na katika kila awamu mji umeonekana ulivyo kwa namna ulivyolitendea soko lake.

Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao yao makuu kutoka Bagamoyo na kuyaleta hapa, katika mji ambao Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga miaka ya 1860 jirani na kijiji cha Mzizima. Eneo tunaloliita Kariakoo lilikuwa shamba la minazi. Muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ililinunua ili kuwaweka Waafrika mbali na ufukwe, mitaa ikapimwa kwa mistari iliyonyooka ambayo hadi leo ndiyo inayomsaidia mgeni asipotee kati ya Msimbazi na Lumumba. Jengo la soko nalo likajengwa.

Vita vikaingia kabla mpango haujakamilika. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, wakaweka kwenye eneo hilo la soko kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps kwa lugha yao. Wapagazi hao walibeba chakula na risasi za majeshi kuvuka mapori ya Tanganyika, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi zaidi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Wenyeji waliitamka Carrier Corps kwa ulimi wao, ikawa Kariakoo. Katikati ya mji, mwaka 1927, ilisimamishwa sanamu ya askari mwenye bunduki, nayo ingalipo. Kwenye sanamu hiyo wapagazi wametajwa kwa maandishi. Kumbukumbu yao kubwa ni jina la mtaa, na ni haki kabisa kwamba jina hilo lilishika, ingawa wanastahili pia jiwe lao pale sokoni, mahali ambapo watu wangali wakiishi kwa nguvu za mabega.

Mwaka 1920 Waingereza waliutangaza Dar es Salaam kuwa mji mdogo wenye mamlaka yake, na miaka mitatu baadaye jengo lililokuwa la wapagazi likaanza kazi ya soko. Mji wenyewe uligawanywa sehemu tatu, na watu walizitaja bila kuzunguka: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo paliachwa uwanja mtupu, Mnazi Mmoja, kwa kisingizio cha afya. Barabara za lami, taa na mifereji vilianzia baharini na kupungua kadiri mtu alivyosogea magharibi. Mwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita Mtaa wa Mkunguni alilipa kodi ya nyumba na ushuru wa soko, lakini hakuwa na kiti mahali ambapo fedha hizo zilipangiwa matumizi.

Hadhi ya manispaa ilikuja mwaka 1949, siku ambazo sensa ya mwaka uliotangulia ilikuwa imehesabu watu 69,000 na ushei. Lilipatikana baraza lenye meya, lakini viti vilifuata rangi ya ngozi, na Waafrika, walio wengi mjini, walipewa vichache. Meya mmoja wa enzi hizo, Abdulkarim Karimjee, atakumbukwa kwa ukumbi ambao familia yake iliuzawadia mji. Ni katika ukumbi huo wa Karimjee ambamo Bunge la nchi huru lilifanyia vikao vyake kwa miaka mingi.

Kule sokoni yalikuwa yakiendelea mengine. Msimamizi wa soko, mwajiriwa wa manispaa, alikuwa Abdulwahid Sykes, mmoja wa viongozi wa chama cha TAA. Ofisi yake ilipokea hesabu za vizimba na ushuru wa mazao, na iliwapokea pia watu waliokuja kuzungumza siasa, Julius Nyerere miongoni mwao, aliyekuwa akifundisha Pugu na kuja mjini kwa shughuli za chama. Nani angemtilia shaka mtu anayeingia sokoni? Tarehe 7 Julai 1954, katika nyumba ya TAA iliyo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka sokoni, chama cha TANU kikazaliwa. Manispaa ya kikoloni ilikuwa ikimlipa mshahara mmoja wa watu waliokuwa wakiuandaa mwisho wa ukoloni, naye aliitunzia vitabu vyake vya hesabu.

Kuelekea Uhuru baraza lilimpata meya wake wa kwanza Mwafrika, Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji. Wasomaji wa Kiswahili wanamjua zaidi kama mshairi aliyeandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Mtu wa mizani na vina kukabidhiwa mji wa mitaro na taka si jambo dogo. Tarehe 10 Desemba 1961, siku moja baada ya Uhuru, manispaa ikawa Jiji, na Mnara wa Saa ukajengwa kuiadhimisha siku hiyo.

Jiji halikudumu na baraza lake. Mwaka 1972 ilikuja sera ya madaraka mikoani, na katika miaka hiyohiyo serikali za mitaa zikafutwa nchi nzima. Kazi zake zikachukuliwa na watumishi wa serikali kuu. Wakati huohuo mji ulikuwa ukifurika: watu 272,000 mwaka 1967, nao wakiongezeka kila uchao. Soko la zamani halikutosha tena.

Ndipo likajengwa jengo ambalo hadi leo ni miongoni mwa kazi bora za usanifu nchini. Mchoraji wake, Beda Amuli, alisomea Haifa na kurudi kufungua ofisi yake hapa. Alifikiri kama mtu aliyewahi kuuza chini ya mti. Badala ya kuta na paa la kawaida alisimamisha nguzo za zege zinazofunguka juu kama miavuli iliyogeuzwa. Chini yake pana kivuli, upepo unapita, na mvua inayoangukia kwenye miavuli hiyo hushuka ndani ya nguzo hadi kwenye matangi yaliyo ardhini. Chini ya sakafu alichimba ghorofa nzima ya biashara ya jumla, ambayo watu waliiita Shimoni. Mwalimu Nyerere alilifungua soko hilo tarehe 8 Desemba 1975. Kwa sheria ya mwaka 1974 lilikuwa limeshaundiwa shirika lake la umma, Shirika la Masoko ya Kariakoo, na kwa hiyo mabaraza yaliporudi yalilikuta soko likiwa na uongozi mwingine. Mvutano wa nani asafishe, nani akusanye na nani azibe mtaro umetokana kwa sehemu kubwa na hapo.

Mji bila baraza ulilipa gharama. Mitaro iliziba, taka zikarundikana, kipindupindu kikaingia, na mwaka 1978 serikali ikayarudisha mabaraza ya miji. Hayakurudi na nguvu. Mwaka 1996 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alilivunja Baraza la Jiji na kuunda Tume iliyoongozwa na Charles Keenja, ambayo wakazi wengi wa rika hilo bado wanaisifu kwa usafi na ukarabati wa barabara. Tume ilipomaliza muda wake mwaka 2000, mji uligawanywa kuwa manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, huku Halmashauri ya Jiji ikikaa juu yake.

Ilala ilirithi kiini: Kivukoni, Kisutu, Upanga, Gerezani, Kariakoo. Ilirithi pia pembezoni ambako mkazi wa Posta hafiki: Pugu yenye vilima na msitu, Chanika, Msongola, kata ambako watu walikuwa wakilima mihogo na kupanda mikorosho. Diwani wa Kariakoo alisimama kudai mitaro, wa Msongola akadai barabara ipitike masika, na bajeti ilikuwa moja.

Tarehe 24 Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji na kuipandisha Ilala kuchukua hadhi na jina: Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Kinondoni, Temeke na zile mbili zilizomegwa kutoka kwao baadaye, Ubungo na Kigamboni, zikabaki manispaa. Uamuzi huo uliondoa ngazi moja iliyokuwa ikila fedha, na nadhani ulikuwa sahihi, ingawa umeliacha jina la mji mzima mikononi mwa sehemu yake moja.

Jiji jipya lilikuwa halijatimiza hata miezi mitano pale moto ulipowaka sokoni usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Mali za watu ziliteketea hadi asubuhi, na wafanyabiashara walihamishiwa Kisutu na kwingineko wakiwa na walichookoa. Mwaka uliofuata ukarabati ulianza, pamoja na ujenzi wa jengo jipya la ghorofa kando yake, kwa mkataba wa shilingi bilioni 28. Moshi ulipotoweka, miavuli ya zege ya Amuli ilikuwa imesimama, myeusi tupu kwa masizi, na nje ya uzio wachukuzi walikuwa wameshapata pa kushushia karoti za Lushoto: ukingoni mwa barabara, juu ya maturubai.