Liu Bolin

Liu Bolin (alizaliwa mkoa wa Shandong, 1973) ni msanii kutoka nchini China anayejulikana kwa picha ambamo mwili wake, ukiwa umepakwa rangi, unapotea ndani ya mandhari iliyo nyuma yake. Kwa masomo ni mchongaji wa sanamu.

Mnamo Novemba 2005 serikali ilibomoa Suojia, kijiji cha wasanii mjini Beijing alikokuwa na karakana yake. Liu alisimama mbele ya kifusi, akapakwa rangi zilezile za kifusi, akapigwa picha. Hapo ndipo ulipoanza mfululizo wake wa "Kujificha Mjini". Huitwa "mtu asiyeonekana", jina linalopotosha kidogo, maana picha ile ilikuwa malalamiko.

Picha moja huchukua saa nyingi. Liu husimama bila kutikisika huku wasaidizi wakimpaka rangi usoni, mikononi na kwenye nguo. Kamera haihamishwi tangu mwanzo, kwa sababu mistari ya mwilini hukutana na ile ya ukutani ikitazamwa kutoka penye lenzi tu. Anayesogea kando hatua chache humwona msanii waziwazi. Baadaye rangi huoshwa, na kinachobaki ni picha.