SOMO LA HISTORIA: NI NINI KILICHOLETA NJAA YA MTUNYA?

Fungueni daftari zenu. Leo tutajifunza historia ya Ugogo, na jambo moja la mantiki, yaani elimu ya kufikiri sawasawa.

Andikeni sentensi mbili. Ya kwanza: "Chakula kilipungua." Ya pili: "Majeshi yalipunguza chakula." Ya kwanza yataja jambo moja tu. Ya pili yataja mawili, na kamba iliyoyafunga: majeshi yalitenda, chakula kikapungua, tena kilipungua kwa sababu ya tendo lile. Vivyo hivyo kula na kulisha, kukauka na kukausha.

Wataalamu wa mantiki hutumia herufi. Tendo la majeshi tuliite M. Upungufu wa chakula, C. Tukisema "M ilisababisha C", na neno hilo likiwa kweli, basi M ilitokea na C pia ilitokea. Lakini kurudi nyuma hatuwezi. Tukijua C peke yake, hatujui iliyoileta. Wala kutangulia si kusababisha: jogoo huwika kabla ya mapambazuko, lakini hachomozeshi jua.

Sasa tutazame historia. Kati ya 1917 na 1920 njaa kubwa iliyoitwa Mtunya iliingia Ugogo. Wanahistoria hukadiria kwamba watu kama 30,000 walikufa, katika watu 150,000 hivi. Wengi husema, "Mvua ilikosekana, watu wakafa." Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayataja yote.

Wagogo waliujua ukame tangu zamani. Waliweka akiba ya mtama na uwele, na mwaka mbaya walibadilisha ng'ombe kwa nafaka. Vita vya 1914 hadi 1918 viliiharibu kinga hiyo. Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe, na wanaume wa kubeba mizigo. Waingereza walipoiteka Dodoma mwaka 1916, nao walichukua vivyo hivyo. Mashamba yakakosa mikono. Kisha mvua zikakosekana, na homa kali ya mafua ya 1918 ikazidisha taabu.

Tujiulize kama wanamantiki: kama majeshi yasingechukua vitu vile, je, watu wengi kiasi kile wangalikufa? Ukame ungalikuwapo, lakini na akiba ingalikuwapo. Basi ukame haukuua peke yake. Ukame na vita, kwa pamoja, vilisababisha maafa yale.

Tofauti hii si ya sarufi tu. Anayesema "chakula kilipungua" amemficha mtendaji. Anayesema "walipunguza chakula" amemtaja. Mbingu haziwezi kuulizwa, lakini serikali yaweza.

Mazungumzo ya darasani: Tafuteni katika kijiji chenu jambo linalosemwa "limeharibika". Je, nani au nini kimeliharibu? Mwajuaje?

Kwaherini.