Deni la Askari na Mlango wa Nyumba Yake

Katika Mkutano Mkuu uliopita liliulizwa swali ambalo halikupata jibu. Kanuni yetu ya mikopo yasema kwamba mwanachama aliyechukuliwa na kazi ya jeshi nje ya nchi hatadaiwa mpaka arudi. Lakini mkewe, aliyetia sahihi chini ya jina lake kuwa mdhamini, hali yake ni ipi? Kanuni haimtaji. Basi kwa maandishi yalivyo, mume aweza kupumzishwa leo na mke akadaiwa kesho yake asubuhi, kwa deni lile lile. Halmashauri imetuagiza tukusanye habari za zamani zihusuzo jambo hili, ili wazee na wanachama walipime kabla ya kupiga kura.

Sisi wa Shimanzi tunakaa kati ya reli na bandari ya Kilindini, na njia hiyo ndiyo iliyowapeleka askari vitani mara mbili katika karne iliyopita. Pale Mwembe Tayari pana Sanamu ya Askari, nasi huipita kila siku tuendapo mjini. Sanamu yatukumbusha waliokwenda. Habari za walioachwa nyumbani yafaa tuzitafute penginepo.

Tuanze na vita vya mwaka 1914. Kwa sheria ya mwaka 1915 Serikali ya himaya ilipata amri ya kuwachukua watu kwa nguvu wawe wapagazi wa jeshi, wale ambao jina lao limebaki katika mitaa ya Kariakoo huko Nairobi na Dar es Salaam. Mshahara wao ulipunguzwa ukawa rupia 5 kwa mwezi, kisha 6 baada ya miezi mitatu. Makumi ya maelfu walikufa katika nchi iliyokuwa ya Wajerumani, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mishahara ya wengi waliokufa haikuchukuliwa na mtu, kwa kuwa majina yao na ya vijiji vyao yaliandikwa vibaya, na warithi hawakupatikana. Bwana Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wao, alishindana na wakubwa kwa miaka mingi ili fedha zile ziwafae watu ambao wapagazi walitoka kwao. Hazina ya London ilikataa. Wazee wetu wamezoea kuuliza, mtu akifa, ameacha deni gani. Hapa mdaiwa alikuwa Serikali na mdai alikuwa mjane, na mjane hakuwa na mahakama ya kumpeleka mdaiwa wake.

Tusidhani kwamba watawala hawakujua la kufanya. Kule kwao Uingereza, vita havijamaliza mwezi, Bunge lilikwisha pitisha sheria ya mwaka 1914 kwamba mdai asikamate mali ya mdaiwa bila idhini ya mahakama, na hakimu aweza kumpa muhula mtu aliyeshindwa kulipa kwa sababu ya vita. Mwaka uliofuata wenye nyumba wa Glasgow walipandisha kodi, hali waume wa wapangaji wengi wamo vitani. Wanawake wa mji ule, wakiongozwa na Mary Barbour, walikataa kulipa nyongeza na wakawazuia madalali milangoni. Kabla ya mwaka 1915 kwisha ilitoka sheria ya kurudisha kodi katika kiwango cha Agosti 1914. Twaitaja habari hii kwa sababu moja: wanawake wale ndio walioonyesha kwamba vita vya askari vina mlango wa pili, nao ni mlango wa nyumba yake.

Katika vita vya pili hali yetu ilikuwa ya namna nyingine, nayo yataka kuelezwa kwa utulivu. Ilikuwapo sheria ya Kenya ya mwaka 1926 juu ya mikopo ya wenyeji. Mfanyabiashara asiye Mwafrika hakuweza kumdai Mwafrika mahakamani zaidi ya shilingi 200, ila kwa hati iliyothibitishwa na ofisa wa Serikali. Mwaka 1948 ikaandikwa upya, na kikomo kile kikabaki. Kwa kuitazama juu juu mtu angesema kwamba askari wa Keya na mkewe walikuwa wamelindwa kuliko askari yeyote duniani. Sivyo. Sheria ile ilimlinda mtu kwa rangi yake, kana kwamba ni mtoto asiyejua hesabu, wala haikujali kama yuko Burma au yuko Makupa. Tena ilifunga mkono wa mkopeshaji: mwenye duka akijua kwamba hawezi kushtaki, hakopeshi, au akopesha kidogo kwa bei ya juu. Nayo haikumsaidia mama mwenye deni dogo la unga na mafuta ya taa, kwa kuwa madeni ya namna hiyo hayafiki shilingi 200. Hukaa katika daftari la duka na kuongezeka.

Kodi ya nyumba ndiyo iliyokuwa nzito zaidi katika kisiwa hiki. Ilitungwa sheria ya mwaka 1940 ya kuzuia kodi zisipandishwe ovyo. Lakini aliyekodi nusu ya chumba kwa maneno ya mdomo, bila hati wala stakabadhi, atashtaki kwa ushahidi gani? Askari aliweza kuagiza sehemu ya mshahara wake ilipwe nyumbani, na fedha hizo zilisaidia sana. Zilisaidia maadamu yu hai na jina lake limo katika orodha.

Mwezi wa Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka hapa Kilindini pamoja na msafara wake kwenda Ceylon. Tarehe 12 manowari ya Kijapani iliipiga karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa dakika chache tu. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wengi wao wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Mtu aliyezama hana kaburi, na mara nyingi hana mwenzake wa kuleta habari zake. Katika muda wa kungoja habari, mke si mjane wala si mke mwenye mume wa kumwandikia. Daftari la duka halingoji.

Ndugu zetu Waislamu walikuwa na jibu lao kabla ya sheria hizi zote. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani yetu, nafaka ya mke ni deni juu ya mume hata akiwa safarini, na mali ya mke ni yake, haikamatwi kwa deni la mume. Shida huja pale mke mwenyewe anapotia sahihi ya udhamini. Hapo amejifunga kwa mkono wake.

Marekani walilifikia jambo hili hatua kwa hatua. Sheria yao ya 1918 iliwalinda mke na watoto wa askari wasitolewe katika nyumba ya kodi ndogo. Pia iliruhusu mahakama kumpa muhula mdhamini. Ikarudishwa mwaka 1940. Mwaka 1942 wakaongeza kwamba wanaomtegemea askari wapate ulinzi ule ule katika kodi, rehani na vitu vya kulipia kidogo kidogo, ila hakimu akiona kwamba uwezo wao wa kulipa haukupungua kwa sababu ya jeshi. Maneno hayo ya mwisho twayapenda. Yanamzuia mwenye hila bila kumwadhibu mwenye haja. Na mwaka 2006 wakaweka kikomo cha riba, asilimia 36 kwa mwaka, kwa askari na kwa mkewe na watoto wake.

Hapa Kenya, sheria ya mashauri ya madai hairuhusu kukamatwa nguo, vyungu wala vitanda vya mdaiwa, mkewe na watoto wake. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yasema nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila idhini ya mke au mume. Ni ngao njema, na ni ya kila raia. Lakini tangu Oktoba 2011 vijana wetu wamekwenda Somalia, na manowari za Mtongwe zimefika Kismayu. Asubuhi ya tarehe 15 Januari 2016, kambi ya El Adde iliposhambuliwa, kulikuwa na nyumba nyingi katika nchi hii zilizongoja habari kama zile za mwaka 1944.

Mweka hazina ametukumbusha, naye ana haki, kwamba mfuko wetu ni mdogo, na deni linalosimama humchelewesha mwanachama mwingine anayengoja zamu. Kwa hiyo Halmashauri haiombi deni lifutwe. Inaomba kanuni iongezwe maneno haya: kwamba muhula apewao mwanachama aliye katika kazi ya jeshi nje ya nchi uwe pia wa mkewe au mumewe na wa mdhamini wake yeyote wa nyumbani, mpaka miezi 3 baada ya kurudi, kwamba faida isihesabiwe katika muda huo, kwamba Halmashauri iweze kuukataa muhula ikiwa nyumba haikupungukiwa, na kwamba akifa au akipotea kazini, mdhamini asidaiwe lolote mpaka mafao yake yalipwe. Kura itapigwa katika Mkutano Mkuu ujao, na wake wa wanachama walio wadhamini wamealikwa kuhudhuria na kusema.